Tembe la Severina

Watu wa filamu walifika kijijini Mwankoko wiki tatu baada ya kimbunga kikali, na kila mtu akawaonyesha alichopoteza. Severina alikuwa na nyumba yake ileile, tembe la udongo lenye paa bapa la udongo, na siku mbili tu za kuliokoa. Mwanawe Zefania, fundi magari wa mjini, alikuwa ameshaapa kwamba Jumamosi analibomoa. Mabati alishanunua, yamelala uani.

"Mara hii ni bahati tu, mama," alisema. "Mara nyingine litakufukia."

Dina, bosi wa wale wapiga picha, alikuja na adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba usimame pale kwenye kifusi cha jirani, utuambie ulivyolia."

Severina akamtazama kama mtu aliyeombwa kucheza ngoma msibani. "Nilie nini? Siku ile nilikuwa nahesabu watu. Njooni ndani. Inameni, mlango wangu hautaki wenye maringo."

Mpiga picha akajigonga kichwa hata hivyo, na Severina akacheka waziwazi. Kisha akaweka kiganja kwenye boriti nyeusi kwa moshi, akasimulia.

"Ilikuwa saa nane mchana. Mabati ya watu yanaruka kama karatasi. Nikasimama mlangoni nikaita mpaka sauti ikakauka. Wakaingia watu thelathini na mmoja na mbuzi saba. Wa kwanza jirani yangu Sostenes, aliyekuwa akiniita mama wa pangoni! Paa likanguruma, halikuinuka. Ni zito, tena liko chini. Upepo haukupata pa kushika."

Sostenes, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akajikuna shingo. "Nilikimbia kweli," alikiri.

"Na kwa mvua ile, paa halikuvuja?" Dina aliuliza.

Severina akasita. Zefania alikuwa nyuma ya Sostenes, anasikia kila neno. Basi na asikie.

"Kila mwaka kabla ya masika napanda juu, nalikandika udongo mpya. Mwaka huu mwanangu alinikataza. Kwa nini kukandika kitu cha kubomoa? Nikamsubiri aende kazini, nikapanda. Siku nne, na magoti haya. Ningemtii, tungezikwa humu wote."

Hakuinamisha macho. Zefania akaingia, akagusa ukuta, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "udongo wa kukandikia unachimba wapi?"

Filamu ilipoonyeshwa katika darasa la shule ya kijiji, watu walijaa mpaka madirishani. Picha ya mwisho ilikuwa Zefania juu ya paa, udongo mpaka masikioni, na mama yake chini akimfokea kwamba anapaka kama anayepaka siagi kwenye mkate. Darasa zima likapiga vigelegele. Severina alisimama, akapunga mkono, akaketi taratibu kama mbunge.

Mabati yaliezekwa kwenye zizi la mbuzi, na mawe makubwa juu yake.