Benvegnù wa Bujumbura

Simu ilimkuta Généreuse jikoni akikaanga ndizi, katika nyumba yake ya ghorofani pale Crescent Town, Toronto. Mwanamume aliyepiga alikuwa na furaha hata akawa anayameza maneno. Alijitambulisha kuwa ni Tullio Benvegnù wa Woodbridge, akasema namba ameipata katika kitabu cha simu cha Toronto, ambamo akina Benvegnù hawajazi hata robo ya ukurasa.

"Sisi ni wachache mno, bibi! Hata Italia kwenyewe watu hulikosea jina letu. Nawakusanya wote Jumapili ya kwanza ya Oktoba, tule pamoja. Wewe ni wa tawi gani?"

Généreuse alimweleza, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa, kwamba babu yake aliitwa Olindo, mjenzi wa barabara, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Padova. Tullio alishangilia kama mtu aliyefunga bao. Hakuuliza barabara hizo zilijengwa wapi, na Généreuse hakuona sababu ya kujieleza zaidi. Jina ni lake. Alizaliwa nalo.

Barabara zilikuwa za Burundi. Olindo alifika huko kabla ya vita vikuu vya pili, akaishi na mwanamke wa huko aliyeitwa Ntahobari, wakazaa mtoto wa kiume, Célestin. Wazungu wengi wa siku zile walizaa na kunyamaza. Olindo hakunyamaza, alimpeleka mtoto ofisini kwa Wabelgiji waliotawala nchi, akaandikisha kuwa ni wake, jina na kila kitu. Malaria ilipomuua Olindo, serikali ilikuja ikamchukua Célestin mikononi mwa mama yake, ikampeleka kwa masista waliokuwa wakilea watoto machotara, kwa madai kwamba mtoto mwenye damu ya Kizungu hafai kulelewa kijijini. Mama yake alimwona tena akiwa kijana wa ndevu.

Huyo Célestin ndiye baba yake Généreuse. Mitaani Bujumbura walimwita Bavenyu, Benvenyi, na mengine ya kejeli, naye hakuchoka kuwasahihisha. Alipokuwa mtu mzima alimwomba padri mmoja aliyekuwa akienda likizo Italia amtafutie ndugu za baba yake. Padri alirudi na jibu fupi: ukoo ule umekwisha, hakuna aliyebaki. Célestin aliamini hivyo mpaka alipozikwa.

Sasa Généreuse alikuwa amezungumza kwa simu na mmoja wa waliokwisha.

Alimwambia mdogo wake, Brice, aliyekuwa akipakia mizigo kiwanja cha ndege, upande wa Malton. Brice alikuwa amelikata jina lake kazini. Wenzake walimjua kama Brice Ben.

"Dada, umemwambia sisi ni watu gani?"

"Nimemwambia sisi ni Benvegnù."

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa sana. Utanipeleka kwa gari lako, au nipande basi?"

Alimpeleka.

Ukumbi ulikuwa na nguzo za plasta na harufu ya nyama ya kuchoma yenye majani ya kiungo cha rosmarino. Mlangoni alikaa binti mwenye meza iliyojaa beji. Généreuse aliiona yake pale pale, jina lake limeandikwa kwa mwandiko mzuri, hata vialama vya juu ya herufi vimewekwa vyote. Akanyoosha mkono. Binti akaifunika kwa kiganja.

"Samahani, hiyo ni ya mgeni wetu wa Kifaransa. Wahudumu wanaingilia nyuma."

"Mgeni wenu ni mimi," Généreuse alisema.

Binti alimtazama, akamtazama Brice mwenye koti la suti na tai, kisha akaangalia kule ndani kama anayetafuta msaada. Généreuse hakusubiri msaada ufike. Aliivuta beji chini ya kile kiganja, akaibandika kifuani, akaingia.

Walipewa viti karibu na mlango wa choo. Hakuna aliyewatukana. Watu walitabasamu kwa midomo tu, halafu wakageukia sahani zao. Baada ya chakula Tullio, mwanamume mnene mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, alisimama mbele ya karatasi kubwa iliyofunika ukuta mzima, yenye matawi ya ukoo. Alieleza kwamba Benvegnù ni jina la Kiveneto, lugha ya upande wa Padova, lenye maana ya aliyefika vema, aliyekaribishwa. Kwamba wazee wa zamani walimpa jina hilo mtoto aliyengojewa kwa hamu. Sauti yake ikatetemeka alipofikia neno hamu.

"Jina adimu namna hii, popote utakapolisikia, jua ni damu yako!"

Watu wakapiga makofi. Généreuse naye alipiga, kisha akainuka, akapita katikati ya meza mpaka ukutani. Olindo alikuwapo pale juu, na chini ya jina lake hapakuwa na kitu.

"Bwana Tullio, hapa pana upungufu. Aliacha mtoto."

Tullio alimshika kiwiko kwa upole, kama unavyomshika mgonjwa. "Bibi, tunafurahi umekuja. Lakini huko Afrika, unajua, wafanyakazi walichukua majina ya mabwana zao. Mapadri nao waligawa majina. Si kosa lako. Ila hili ni jambo lingine."

Généreuse alikichomoa kiwiko chake mkononi mwa Tullio.

"Olindo hakuwa bwana wa baba yangu. Alikuwa baba yake. Alimlaza kifuani, alimwandikisha kwa jina lake, na kwa ajili ya jina hilo baba yangu alinyang'anywa mama yake akiwa bado analia maziwa. Wewe jina hili limekugharimu nini? Umelirithi pamoja na nyumba! Umenipigia simu mwenyewe, ukashangilia mwenyewe. Nilipokuwa sauti nilikuwa damu yako. Sasa umeniona uso, nimekuwa jambo lingine?"

Ndipo mwanamke mzee aliyekaa meza ya mbele, mwenye fimbo na shali nyeusi, aliposema, "Mwache, Tullio. Ni kweli."

Alikuwa Assunta, mkubwa kuliko wote mle ndani. Olindo alikuwa kaka wa baba yake.

"Shangazi, tutazungumza baadaye," Tullio alimwomba.

"Baadaye lini? Nimebakiza muda gani?" Akamgeukia Généreuse. "Tulijua ana mtoto. Bibi yangu, mama yake Olindo, alikataza asitajwe mezani. Padri mmoja alipokuja kuuliza, walimwambia hatupo."

Kama angesema hawakujua, Généreuse angeweza kuondoka na hasira ya kawaida, ile anayoizoea mtu mweusi kwenye miji ya watu. Lakini walijua. Miaka yote baba yake aliwaombea misa kama marehemu, kumbe walikuwa hai, wakila na kunywa.

"Mlijua," alisema.

Tullio, jasho likimtoka, akatoa penseli mfukoni. "Basi, tuandike. Kwa muda, mpaka tuhakikishe."

"Penseli?" Alikuwa Brice, aliyekuja akasimama nyuma ya dada yake. "Wote hapo juu wana wino. Célestin Benvegnù umwandike kwa penseli, ili umfute kwa kidole?"

Penseli ilibaki hewani mkononi mwa Tullio. Généreuse aliitazama kidogo, akaenda kuchukua koti lake, wakatoka kwa mlango ule ule wa mbele. Garini alitukana kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura, mpaka walipovuka mto Don.

Tullio hakupiga simu tena. Assunta alikuja mwenyewe, siku ya mvua ya baridi, kwa teksi, akihema kutoka kwenye lifti. Généreuse alimfungulia kwa sababu si desturi kumwacha mzee mlangoni. Alimkalisha, akampakulia maharage na ndizi.

"Sikuja kuomba unisamehe," Assunta alisema. "Kwa ukoo wenu mimi ni nani kwako?"

"Kwetu binamu wa kike wa baba ni shangazi." Généreuse aliweka kijiko mezani kwa kishindo. "Lakini sitakuita hivyo. Bado nina hasira."

"Una haki nayo."

"Najua nina haki nayo. Sihitaji unipe."

Mzee alikubali kwa kichwa. Alikula taratibu, kisha akauliza Célestin alikuwa mtu wa namna gani. Généreuse alikunja mikono kifuani. Halafu akaanza kumweleza, bila kumpunguzia chochote, tangu siku lori la serikali liliposimama mbele ya nyumba ya Ntahobari kumchukua mtoto.