Sipiyu Iliyovundikwa

Mzee Eliud wa Mbugani, Kyela, aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, akapanda mlima Kitonga mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani, na kama unabisha kamuulize mchungaji. Mchele wa Kyela aliupeleka Dar es Salaam, saruji akarudi nayo. Macho yalipoanza kuingia ukungu, kampuni ikamnyang'anya funguo, ikampa saa ya ukutani na soda mbili. Mwaka mzima alikaa barazani akihesabu malori ya wenzake. Akanenepa, akawa mkali hata kwa kuku.

Aliyemwokoa ni mwanawe Lugano, anayefanya kazi Dar. Alimtumia kompyuta ya gemu, yenye lile boksi kubwa jeusi ambalo mafundi wanaliita sipiyu, pamoja na usukani na pedeli zake. Ndani yake mlikuwa na gemu ya malori, na kuna vijana wa Mbeya walikuwa wameichorea barabara yote ya kutoka Dar hadi Kyela, mizani na matuta yake. Skrini ilikuwa pana. Ukiisogeza karibu na pua ya mzee, aliona kila kitu. Basi Eliud akarudi barabarani akiwa amevaa ndala.

Wala hakuwa peke yake. Kila Jumamosi saa tisa alasiri madereva wastaafu thelathini na wawili walikutana kwenye gemu hiyo kwa intaneti, kila mtu kwao, wakaenda msafara mmoja. Miongoni mwao alikuwemo Abdala wa Tanga, ambaye zamani alikuwa utingo wa Eliud kabla hajapewa lori lake mwenyewe. Kiongozi wa msafara ndiye aliyefungua safari, na kompyuta yake ikizima, wote wanatupwa nje. Mwezi ule uongozi ulimwangukia Eliud. Jumamosi ya kwanza sipiyu yake ilizima Kitonga, katikati ya mlima. Jumamosi ya pili ikazima palepale. Wazee wakasema kwa heshima, lakini wakasema: ikizima mara ya tatu, mbele atakaa mwingine.

Eliud alishindwa kula. Kunyang'anywa funguo mara moja mtu anaweza kuvumilia. Mara ya pili anaanza kuamini kwamba kweli amekwisha.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana, ulikuwa ni joto. Kyela mchana hata mjusi anatafuta kivuli, na sipiyu ile ilikuwa inapanda hadi nyuzi tisini na nane, feni zinalia kama mashine ya kukoboa mpunga, halafu skrini inakuwa nyeusi. Lugano alimwambia kwenye simu, "Baba, hakikisha juu haijafunikwa. Pale juu pana matundu, na hewa ya moto inatokea pale."

"Haijafunikwa," Eliud alijibu upesi, huku akikitazama kitambaa.

Maana kitambaa kilikuwepo. Mkewe Tusekile alikifuma mwezi mzima kwa uzi mweupe, na katikati akatia lori la bluu lenye magurudumu sita. Nyumba ya mtu anayejiheshimu haiachi kitu cha maana kikae uchi: redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, friji chake, na jagi la maji lilikuwa na kidogo chenye shanga pembeni. Siku alipokimaliza, Tusekile alikitandika mwenyewe juu ya sipiyu, akarudi nyuma hatua mbili, akakiangalia, akasema, "Sasa imekuwa ya nyumbani." Hebu wewe mwambie mwanamke huyo akiondoe. Eliud aliwahi kushuka Sekenke breki zimekufa, lakini ushujaa wa namna hiyo hakuwa nao.

Kwa hiyo akafanya mengine yote. Jumatatu alifungua sipiyu kwa bisibisi, akasugua vumbi la pumba lililokuwa linaletwa na upepo kutoka mashineni, kwa brashi ya viatu. Jumanne akaenda dukani kwa Said, ambaye babu yake alikuja Kyela kutoka pwani na kibeti cha shanga, naye sasa anauza kila kitu chenye waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe feni tatu za sipiyu."

"Za zamani zimekufa?"

"Nzima. Nataka upepo zaidi. Lori likichemka, dawa yake ni upepo."

"Sawa, mzee, lakini kuna mpangilio wake, maana feni ina mbele na..."

"Said, mwanangu, wewe hujazaliwa mimi nafungua rejeta."

Said akafunga feni kwenye mfuko. Eliud akaenda kuzipachika. Zikawa sita pamoja na zile za zamani, mbele tatu, nyuma moja, juu mbili, na zote akazielekeza ndani. Alijipongeza sana. Upepo kutoka kila upande, moto utapitia wapi! Jumatano akajaribu safari peke yake. Mwanzoni sipiyu ilikuwa inadumu dakika ishirini na tano. Safari hii ilizima dakika ya kumi na nane, hata Kitonga hajaifikia.

Ijumaa alasiri Tusekile alitoka uani kugeuza kakao, mikono imekuwa ya kahawia na inanuka siki. Alimkuta mumewe amekaa sakafuni mbele ya sipiyu, bisibisi mkononi, kama mtu aliyefiwa.

"Baba Lugano, kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna, na umekaa na ndala moja."

Akainama aone. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa haraka. Akakiweka tena, safari hii taratibu, akatulia huku amefumba macho, vile anavyofanya kila siku kwenye masanduku yake. Mkulima wa kakao anajua joto kwa kiganja. Punje mbichi anazijaza kwenye sanduku la mbao, anazifunika kwa majani ya mgomba, na zenyewe bila moto wowote zinachemka mpaka mkono haukai.

"Ee Kyala!" Tusekile alimwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Hii umeivundika!"

"Mimi?"

"Mimi na wewe." Akakwanyua kitambaa kwa mara moja, akakitupa begani. Chini yake yakaonekana matundu, safu kwa safu. "Hiki kimekaa juu ya pua yake. Miaka yote hii navundika kakao, unadhani sijui kwamba kitu kilichofunikwa kinachemka? Lugano hakukwambia?"

Eliud akakuna kidevu. "Aliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema haijafunikwa."

Tusekile akaweka mikono kiunoni. Eliud akajiandaa kwa mvua ya mawe. Badala yake mwanamke akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Gwe Eliud! Malori yote yale huyaogopi, unaogopa uzi? Mficha uchi hazai, mume wangu!"

"Ulikifuma mwezi mzima," alisema Eliud kwa sauti ndogo. "Kina na lori."

Hapo kicheko kikampungua, akamfuta mumewe vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya kile kitambaa.

Lakini hakuishia hapo. Alitoka nje, akarudi na unyoya wa kuku. "Iwashe." Eliud akaiwasha. Tusekile akasogeza unyoya kwenye feni ya mbele, ukavutwa, ukanata. Akausogeza nyuma, ukavutwa. Juu, ukavutwa vilevile.

"Zote zinaingiza," akasema. "Inayotoa ni ipi?"

Eliud akaanza kuzihesabu feni kwa kidole.

"Ukipepeta mchele, mwenzio akasimama mbele yako akakupulizia, pumba zinakwenda wapi? Si zinakurudia usoni? Upepo uingie huku, utokee kule."

"Lori..." alianza Eliud.

"Lori linatembea. Hii imekaa hapa kama mgeni wa harusi."

Nitamsifu dereva huyu wa miaka thelathini na mmoja kwa jambo moja: hakubisha. Alichukua bisibisi akaanza kazi. Feni tatu za mbele akaziacha ziingize. Ya nyuma akaigeuza itoe, na mbili za juu akazigeuza zitoe, maana joto hupenda kupanda. Nyaya zilizokuwa zimening'inia katikati akazifunga pembeni kwa uzi mweupe aliopewa na mkewe. Kisha wote wawili wakaivuta sipiyu kutoka kwenye kona, mbali na ukuta, ipate pa kupumulia. Unyoya ulipoletwa tena nyuma, ukaruka hadi dirishani, na kuku aliyekuwa mlangoni akakimbia. Eliud akapiga makofi kama mtoto.

Jumamosi saa tisa kasoro dakika tano, jua linawaka, Eliud alikaa kwenye usukani akiwa na hedifoni kichwani. Tusekile akavuta kigoda akakiweka kushoto kwake. Akakitandika kile kitambaa cha lori la bluu, akakikalia.

"Unafanya nini?"

"Nakaa kwa utingo."

Miaka yote ile mlango wa lori lake ulikuwa umeandikwa ABIRIA MARUFUKU. Alimuahidi mkewe mara ngapi kwamba siku moja atampeleka aione njia, na kila mara kampuni ikakataa, mpaka funguo zikaondoka pamoja na ahadi yenyewe.

"Ndaga fijo," akasema, na hakueleza anashukuru nini.

Msafara ukang'oka, malori thelathini na mawili na taa zote zimewashwa. Chalinze, Morogoro, Mikumi. Tusekile aliuliza kila mti. Dakika ya ishirini wakaanza kupanda Kitonga, na feni zikaanza kulia. Hedifonini wazee walianza kuhesabu kona, maana wote walijua ni wapi pale. Nyuzi sitini. Sitini na sita. Eliud aliushika usukani kwa mikono miwili. Tusekile alikuwa amenyoosha mkono nyuma ya sipiyu, kiganja wazi.

"Inatoka," alisema. "Joto linatoka lote. Twende."

Nyuzi sabini. Sabini na moja. Ikasimama hapo, haikupanda tena, na lori likakata kona ya mwisho, anga ikafunguka. Wazee wakalipuka kwa honi na vifijo, Abdala akapiga mluzi uliomtoboa Eliud sikio. "Mzee, umeponaje?"

"Nimepata utingo mpya," alisema Eliud. "Amekuzidi, samahani."

Walipita Mafinga, wakapita Makambako. Ilikuwa imetimia saa nzima na robo, na sipiyu inapumua bila wasiwasi, nyumba zilipoanza kusongamana na vibanda kujipanga kando ya barabara.

"Hapa ni wapi?" aliuliza Tusekile.

"Uyole. Hapa tunakata kushoto, tunateremka nyumbani."

Tusekile akasogea hadi pua yake ikawa karibu na skrini kuliko ya mumewe. Hakuna safari ambayo Eliud alirudi bila viazi vya Uyole, debe zima, hata zile safari alizorudi amegombana naye kwa simu.

"Kumbe ndiyo hapa," alisema taratibu. "Ulikuwa unasimama upande gani?"

"Ule, penye vibanda."

"Simama."

Kiongozi wa msafara hasimami. Ndiyo sheria, na Eliud mwenyewe aliwahi kumfokea mtu kwa ajili yake. Aliweka indiketa, akaegesha. Nyuma yake malori thelathini na moja yakafunga breki moja baada ya lingine.

"Bosi, kulikoni?" aliuliza Abdala kwa wasiwasi. "Imechemka?"

"Haijachemka. Utingo wangu anachagua viazi."

Honi ya kwanza ikalia, ikafuata ya pili, zikalia zote, kutoka Tanga na Dodoma na Songea, ndani ya sebule moja ya Mbugani. Tusekile alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka kwa pamoja, wala hakuyafuta. Mkono mmoja ulikuwa umemshika mumewe goti, na ule mwingine bado ulikuwa nyuma ya sipiyu, unapima joto linavyotoka.