Safu ya Nyuma

Muuzaji alipomuuliza ana bunduki ngapi, Orrin Haugen alijibu kumi na nane. Alikuwa nazo kumi na tisa. Alijibu huku akitazama theluji iliyokuwa ikiyeyuka kwenye viatu vyake na kufanya dimbwi juu ya sakafu safi ya duka la watu.

Muuzaji, mama mmoja mcheshi aitwaye Bev, aliwaonyesha sefu ya kijani, kabati la chuma la kufungia bunduki, iliyompita Orrin kwa kimo, yenye safu mbili ndani, ya mbele na ya nyuma. Kisha akawaonyesha mlango mtupu wa chuma. "Huu mnautia kwenye chumba cha chini ya nyumba, mnamwaga zege pande zote. Mnaingia kwa miguu, taa inawaka, bunduki zote ziko ukutani kama picha za wajukuu."

"Hicho ndicho," alisema Marlys, mkewe Orrin. "Tutahamisha viazi vya huko chini."

"Sefu inatosha."

"Inatosha wapi? Si wewe uliyemwambia Lyle kwamba ya nyumbani imejaa pomoni?"

Ghafla Bev akapata kazi ya kupanga karatasi zake.

Lyle Tveit, jirani yao kwa miaka arobaini, alimzika mkewe mwezi wa Oktoba. Wiki mbili baadaye alikuja na bunduki tano zimefungwa ndani ya blanketi la viraka. "Nishikie hizi mpaka theluji iyeyuke," alisema mlangoni. Huku kwao Montana, mwanamume akitamka maneno hayo haulizwi kwa nini. Unampokea mzigo, unammiminia kahawa, mnazungumzia bei ya ngano. Kila mtu anajua kwamba anayeogopwa ni yeye mwenyewe, asije akajipiga risasi.

Orrin alimwambia sefu imejaa.

Nafasi ilikuwepo tele. Lakini kwenye safu ya nyuma ilisimama bunduki ya marehemu baba yake Lyle. Orrin aliiazima miaka ishirini na miwili iliyopita kwenda kuwindia, akaipenda kupita kiasi, akarudi na hadithi kwamba ilimponyoka mtoni. Lyle hata hakununa. "Bora imezama hiyo kuliko wewe," alisema, akamnunulia bia. Tangu hapo Orrin hakuipiga hata risasi moja. Kila majira ya baridi aliipaka mafuta, mlango ameufunga, kama mtu anayemuuguza mgonjwa wa siri. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Orrin ilikuwa ndefu, lakini ilifika mwisho.

Na tangu Lyle aliporudi kwake na mzigo wake kwapani, Orrin hakunywa kahawa ya asubuhi kabla hajauona moshi wa nyumba ya jirani. Aibu ilimla, naye aliiacha imle kimyakimya.

"Chumba kitatosha na za Lyle," Marlys aliendelea. "Hutakuwa tena na cha kusingizia."

Orrin alikiona chumba hicho, taa yake na kuta zake nne. Hakikuwa na safu ya nyuma.

"Basi niwaandikie kipi?" Bev aliuliza.

"Hatuhitaji kitu, mama," alisema Orrin. "Nafasi ninayo."

Pikapu ilipofika getini kwao, Marlys alimgeukia. "Unayo tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Marlys aligeuza uso kuelekea dirishani. "Orrin. Mtu angekufa."

Orrin alimshusha, akaingia ndani kuichukua ile ya kumi na tisa, akaenda nayo kwa jirani.

Lyle alifungua mlango, ndevu hazijanyolewa siku nyingi, vifungo vya shati vimepishana. Orrin aliinyoosha bunduki mbele kwa mikono miwili.

"Haikuzama."

"Najua," alisema Lyle. "Siku ya harusi ya binti yenu uliacha sefu wazi. Mimi nilikuwa natafuta choo."

Harusi hiyo ilikuwa na miaka kumi na moja. Orrin alihisi masikio yakiwaka. "Na bado ukaja kwangu?"

"Sasa ningempelekea nani? Kaunti nzima hii hakuna anayetunza bunduki ya mwenzake kama wewe."

Hakuwa akicheka. Orrin alitamani atukanwe.

"Sefu ina nafasi?" Lyle aliuliza.

"Inayo. Hata siku ile ulipokuja ilikuwa nayo."

Lyle alitikisa kichwa polepole, akaipokea bunduki na kuiegemeza mlangoni, akaingia ndani, akarudi na lile blanketi la viraka lenye zile tano, akaliweka mikononi mwa Orrin. Aliichukua bunduki ya baba yake, akapitisha kidole gumba kwenye kitako chake mara moja, akailaza juu ya zile nyingine.

"Na hii," alisema. "Mpaka theluji iyeyuke."

Orrin alisimama pale na bunduki sita, hana mkono wa kujifutia uso.