Nusu ya Kidole

Wiki nzima Falonne alikuwa akitafuta ujasiri wa kumuuliza Mama Anastasie swali moja tu, na sasa pikipiki ya kumrudisha injenia huyo ilikuwa inanguruma mbele ya kituo cha afya, hapa Salamabila.

Swali lenyewe: mutu anahitaji nini ili atengeneze satelaiti?

Mama Anastasie alifanya kazi na wanaoziunda. Alikuja kufunga antena ya intaneti, na Falonne, msaidizi wa fundi Katembo, alimpitishia spana. Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi. Alionea haya hata kikohozi chake.

Mara muuguzi akatoka mbio. "Mama, mtandao hakuna tangu asubuhi!"

Katembo alipanda juu ya paa, akashuka akifoka. "Waya iko mzima. Chombo yenu ndiyo mbovu!"

Falonne alijua sababu. Huku satelaiti iko karibu juu ya utosi, kwa hiyo antena hulala chali kama sinia, na mvua hujaa ndani. Alfajiri alikuwa amelegeza skrubu, akaiinamisha maji yamwagike, kisha akaikaza pale alipodhani ilikuwa. Akisema sasa, Katembo atamfukuza, na injenia atamwona mjinga. Nani basi atamjibu swali lake?

"Ni mimi," alisema, akitazama miguu yake. "Nilimwaga maji. Kuirudisha, nilikisia."

"Kumbe nafuga mchawi!" Katembo akapiga makofi.

Mama Anastasie alimwashiria mwenye pikipiki azime. "Ulikosea kiasi gani?"

"Labda nusu ya kidole."

"Nusu ya kidole hapa, kule juu ni mamia ya kilometa. Njoo."

Walipanda wote wawili. Falonne alizungusha skrubu kidogo kidogo, muuguzi akipaza sauti kutoka chini: "Bado! Bado! Aa, imerudi!" Hapo Falonne akauliza: "Mama, mutu anahitaji nini ili atengeneze satelaiti?"

"Kwetu," alisema injenia akifuta mikono, "chombo kikisharuka, hakuna wa kupanda kukikaza. Anayeficha kosa lake hatumtaki, hata awe na diploma tatu. Wewe hukuficha. Na hesabu?"

"Kugawanya najua, mama. Ile yenye baki, hapana."

"Anzia hapo. Njia ni ndefu, mwanangu, sikudanganyi."

Injenia akashuka, pikipiki ikaondoka naye. Falonne alibaki juu ya paa. Ilikuwa saa sita, anga jeupe, hakuna cha kuonekana. Alitazama pale antena ilipoelekea mpaka machozi yakamtoka, akijiuliza ni mwalimu gani atakayempokea mutu mzima kama yeye katika mwaka wa tano.