Grupu Lisilo na Kaka Jin-cheol

Nusu ya darasa tulijiandikisha tukidhani tunakwenda kufundishwa namna ya kuwa maarufu simuni. Somo liliitwa Mitandao ya Kijamii, na jina hilo lilimdanganya kila mtu. Profesa Seon, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha kikosi, siku ya kwanza tu alituambia tuzime simu zote. "Mtandao ninaofundisha mimi," alisema, "ulikuwepo kabla babu zenu hawajaona nguzo ya umeme." Akachora nukta ubaoni, akaziunganisha kwa mistari. Nukta ni mtu. Mstari ni chochote kinachopita kati ya mtu na mwenzake: salamu, umbea, mafua, lawama. Wiki iliyofuata darasa lilikuwa limepungua. Waliobaki ni wale wanaopenda kufikiri, na wale wasio na pengine pa kwenda. Mimi nilikuwa wa kundi la pili.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Jeshi lilikuwa limechukua sehemu yake ya miaka hiyo kama linavyochukua kwa vijana wote, kisha baba akafariki na miaka mingine ikaishia kwenye kibanda cha supu cha mama, hapa Jeonju. Somo hili ndilo pekee lililobaki kati yangu na cheti. Kampuni moja ya maghala ya barafu huko Iksan ilikuwa imeshanikubali kwa sharti kwamba nimalize chuo mwezi wa pili. Mama naye alikuwa ameshalitangazia soko zima, kuanzia muuza samaki hadi mnoa visu. Nikifeli, sifeli peke yangu.

Alama zote zilitegemea kazi ya timu. Profesa alitugawa kwa kufuata tulivyoketi, nikaangukia kwa watoto watatu. Nawaita watoto, ingawa ni tofauti ya miaka sita tu. Kiongozi alikuwa Ok Da-hye, msichana anayepanga kalamu zake kwa urefu. Halafu Hyeon-u, ambaye mdomo wake hutangulia na akili hufuata baadaye ikihema. Wa tatu ni Sae-rom, mpole kiasi kwamba akisema neno unageuka kuhakikisha kama ni yeye. Tulikubaliana kuchora wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyoketi kwenye bwalo la chakula mchana: nani hula na nani, nani huhama meza, nani hula peke yake.

Sasa, vyuoni kwetu timu ikipata kupe haigombani naye. Inafuta tu jina lake kwenye slaidi ya mwisho. Profesa anasoma majina, lako halipo, na biashara imekwisha bila mtu kupandisha sauti. Nimeona watu wakifutwa hivyo, na sikuwahi kuwaonea huruma.

Mimi nilikuwa na jambo moja lililonisumbua kuliko kupe: sikutaka kuwa mzee wa kikao. Mnamjua mtu huyo. Anaketi na vijana, anawasimulia jeshi la enzi zake lilivyokuwa gumu, anawasahihisha hata wanavyoshika vijiti vya kulia, na wao wanatabasamu huku wakimwombea njaa impeleke nyumbani. Niliapa sitakuwa huyo. Kwa hiyo kila tulipokutana mgahawani, karibu na geti la nyuma la chuo, nilisikiliza, nikatikisa kichwa, nikalipia kahawa kama anavyopaswa mkubwa, na vikombe vilipoanza kuisha nikavaa koti. "Endeleeni," niliwaambia. Nikaondoka ili wapumue, wacheke, wanisengenye kidogo wakipenda. Njiani nilijipongeza. Mkubwa gani mstaarabu kama mimi?

Grupu letu la simu lilikuwa kimya siku zote. Niliandika, "Kuna kazi yoyote yangu?" Da-hye akajibu, "Hapana kaka, usijali, pumzika tu," akaongeza picha ya sungura anayeinama. Niliuliza tena baada ya muda, nikapata sungura yule yule. Nikamwamini sungura.

Siku moja nakatakata vitunguu kibandani, simu ikawaka pembeni ya ubao. Ilikuwa meseji ya Hyeon-u, na maneno yote yalisomeka kwenye kioo bila hata kuifungua.

"Mimi nasema tumfute. Mzee mwenyewe kila kikao ni wa kwanza kuvaa koti. Mtu mzima tunambeba mgongoni wa nini?"

Sikuigusa simu. Simu zetu huweka namba ndogo kando ya kila meseji, idadi ya ambao hawajaisoma. Nilijua huko waliko wameikodolea macho ile moja iliyobaki, ambayo ni mimi, wakiomba Mungu isitoweke. Mara meseji ikafutwa. Ikaja ya Da-hye: "Kaka samahani sana, Hyeon-u kakosea grupu." Nayo ikafutwa upesi, nadhani baada ya kutambua alichokiri. Maana kama mtu kakosea grupu, basi lipo grupu jingine. Wenzangu watatu walikuwa wamehamia chumba kingine na kuniachia chumba kitupu chenye sungura.

Niliumia. Sitaki kulipamba jambo hili. Niliumia mpaka kisu kikasimama.

"Kitunguu kimekuingia?" mama aliuliza.

"Kimeniingia," nikamjibu.

Kwanza zilikuja hasira. Nilitunga kichwani maneno ya kuwaambia, makali, yenye jeshi ndani yake. Mzee mwenyewe! Nani alinipa kazi nikaikataa? Lakini wiki hiyo hiyo Profesa Seon alikuwa amechora ubaoni nukta moja iliyotengwa kabisa, bila mstari, akasema, "Mkiona nukta kama hii msikimbilie kuuliza ina kasoro gani. Ulizeni kwanza nyie mlisimama wapi mlipokuwa mnachora." Niliandika maneno hayo bila kuyafikiri. Sasa yalinirudia, na hayakunipendeza, kwa sababu yalikuwa yanaanza kuuliza na mimi nilisimama wapi.

Nikaenda kwenye kikao cha mwisho. Wote watatu walikuwa wameshafika, wamekaa wima kama wanaosubiri kudungwa sindano. Da-hye alisoma ripoti. Ilikuwa nzuri, na hakuna hata herufi yangu. Nililipia kahawa. Vikombe vikaisha. Nikaona macho ya Hyeon-u yakielekea kwenye koti langu lililotundikwa kitini.

Sikulivaa. Nikaendelea kukaa.

Sae-rom alianza kukunja karatasi ya kufutia mikono, akaikunja hadi haikunjiki tena.

"Kaka," Hyeon-u akashindwa kuvumilia, "leo huna haraka?"

"Mimi sijawahi kuwa na haraka."

"Sasa mbona huwa unatukimbia?"

"Nawapisha. Nani anataka kukaa na mzee?"

Neno mzee lilipotoka, Hyeon-u akawa mwekundu hadi masikioni. Akajua kwamba niliiona meseji yake.

"Kaka, jamani," akasema, "ukishatoka wewe ndipo kazi inaanza. Mbele yako tunaongea tu habari za juu juu. Nani angekutuma wewe ukahesabu watu bwaloni? Da-hye aliandika meseji ya kukupangia zamu mara mbili, akaifuta. Anasema kumtuma mkubwa ni kama kumtuma baba yake."

"Si baba," Da-hye akasema chini chini. "Mjomba."

"Ndiyo nafuu?" nikamuuliza.

Sae-rom akacheka, akajiziba mdomo. Nami nikacheka, ingawa kifua kilikuwa kinauma. Muhula mzima mimi nilikuwa natoka nje ili wawe huru, na wao wanaona kila nikitoka kwamba sitaki kazi. Tulikuwa tumeheshimiana hadi tumeharibu kila kitu. Nikawaomba wanipe zamu hata za siku zilizobaki, nihesabu, nipange meza, lolote lile.

Nikamtazama Da-hye. Alikuwa analia bila sauti, akipanga kalamu zake upya.

"Nimeshamtumia profesa ripoti na majina," akasema. "Leo asubuhi. Lako halimo."

Tukaenda ofisini kwa Profesa Seon wote wanne, mbio mbio, bila hata kufikiri tutasema nini. Alitusikiliza kutoka nyuma ya rundo la karatasi. "Jina lake nitalirudisha," alisema. "Niambieni tu alifanya nini."

"Alihesabu meza za dirishani," alisema Hyeon-u.

"Alichora michoro," alisema Sae-rom wakati ule ule.

"Alisoma makala zote," alisema Da-hye.

Profesa akafungua ripoti. "Meza za dirishani umehesabu wewe, Hyeon-u. Umejisifu ukurasa wa pili."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini yeye alinishikia kalamu."

Walisimama pale wakinidanganyia, wakigongana wao kwa wao, na Sae-rom, ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono, akawa anaapa kwamba aliniona kwa macho yake. Nilitamani sana kuwaacha waendelee. Niliifikiria Iksan. Nilimfikiria mama, na yule mnoa visu anayeniita meneja kila nikipita. Profesa alikuwa ananitazama mimi, si wao, na nikahisi kwamba nikinyamaza tu, atalirudisha. Lakini wale watoto walikuwa wamebeba kazi yote tayari, na sasa nilitaka wabebe na uongo wangu. Hapo ningekuwa kupe kweli.

"Mwalimu," nikasema, "sikufanya hata kimoja."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nawapisha."

"Na nyie?"

"Tuliona haya kumtuma mkubwa," alisema Da-hye.

Profesa Seon akavua miwani. "Nimewafundisha muhula mzima mistari inavyokatika," alisema, "nanyi mmekaa mmeikata kwa adabu." Sauti ya kikosi ilikuwa imepotea. "Sina alama za adabu, Jin-cheol. Utarudia somo. Nyie watatu mmefaulu, na nasikitika."

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Niliwapigia watu wa Iksan pale pale, ili nisipate nafasi ya kuogopa. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole sana. Alisema watachukua mwingine na kunitakia kila la heri. Nikawaaga wenzangu.

"Unakwenda wapi?" Hyeon-u aliuliza.

"Kwa mama. Kumwambia."

"Tunakuja."

"Hammjui mama yangu nyie."

"Ndiyo maana tunakuja wengi," alisema.

Mama alituona kwa mbali, akadhani tumekuja kusherehekea. Akawaketisha, akawapakulia supu ya machipukizi ya soya na mayai yake, akamwambia Sae-rom ni mwembamba mno. Niliongea nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote: vikao, koti, majina, ofisi, Iksan. Sikuwasingizia wao wala kujitetea. Vijiko vya wale watatu vilisimama hewani.

Mama akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta yote, akarudia. Nimemwona mama akiwa na homa, nimemwona msibani, lakini sijawahi kumwona amekosa neno, na kumwona hivyo kuliniuma kuliko kufeli.

"Nani aliyesema afutwe?" akauliza mwishowe.

Nikataka kusema haina maana tena. Hyeon-u akainua mkono, kijiko bado kikiwa ndani yake.

Mama alimtazama kwa muda. "Maliza kula," alimwambia. "Hujala."

Akala. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kula supu kwa tabu namna ile. Alipoweka kijiko chini mama alimwonyesha kwa kidole njia ya soko, ambako taa za vibanda zilikuwa zinaanza kuwashwa.

"Wote hao niliwaambia mwanangu anamaliza mwezi wa pili," alisema. "Mimi sina uso wa kurudi kwao. Utakwenda wewe, kibanda kwa kibanda, useme bado. Anza na yule wa samaki."

Hyeon-u akasimama, akainama, akaenda. Da-hye na Sae-rom wakatazamana, wakaacha vijiko, wakamfuata. Nilisikia sauti yake ikitetemeka kule mbele: "Samahani, mama, mimi ni wa timu ya Jin-cheol." Nami nikatoka nyuma yao, kwa sababu mwenye kufeli nilikuwa mimi, na kwa sababu yule mama wa samaki ana mdomo, wasingemweza peke yao.