Siku Isiyo na Matangazo

Kila siku ya kazi, ikifika saa kumi na dakika ishirini na tano, Bi Ndoo alimalizia alichokuwa anakisema. Kama alikuwa anamgombeza mtu, alifupisha. Kama alikuwa anasimulia jambo, alirukia mwisho. Saa kumi na nusu kamili sauti ilimtoka kooni ikaenda kazini, kwenye kituo cha televisheni, na saa kumi na moja ikarudi, wakati mwingine ikiwa imekauka kidogo kwa uchovu. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka ishirini na tisa. Marehemu mumewe alikuwa na desturi ya kuanzisha ugomvi saa kumi na dakika ishirini na tisa, na ndoa yao ilijulikana mtaani kwa amani.

Kazi yenyewe ya sauti ilikuwa kumsemea Jemadari Kiroboto. Huyu alikuwa kiroboto wa katuni, mdogo kuliko punje ya ufuta, mwenye kofia ya chuma na joho lililokatwa kwenye stempu. Aliishi kwenye manyoya ya mbwa ambaye hakuamka hata siku moja. Mtu akionewa popote duniani, hata akinong'ona tu, Jemadari alisikia, akaruka milima na mabahari, akatua begani kwake na kusema: "Nimekuja! Nani amekuonea?" Kisha wezi, madhalimu na wenye vitambi walikiona cha mtema kuni. Hakuna mtoto aliyekua miaka hiyo asiyeijua sauti ile, nyembamba, kali, yenye hasira ya mtu aliyechoshwa na upumbavu wa wenzake.

Hasira ilikuwa ya kweli. Katuni ilipoletwa, kituo kilimpa kazi hiyo Mtangazaji Mkuu, mtu mwenye sauti nzito kama pipa, na kiroboto akawa ananguruma kama fahali. Siku ya tatu fundi mitambo alisikia mtu anafoka nje ya mlango: "Jamani, sakafu mbichi! Mnakanyaga hivyohivyo, macho mmeweka wapi?" Alikuwa Bi Ndoo, mfagizi. Walimwingiza kwenye stoo ya karatasi iliyotundikwa mablanketi ukutani, na kwa miezi mitatu, kila alipomaliza kudeki, alirekodi vipindi mia moja na vinne. Hakuwa msomaji wa haraka, kwa hiyo fundi alimnong'oneza kila sentensi naye akaifoka. Majina ya mwisho wa kipindi yalikuwa yameshaandikwa, na mwandikaji alikuwa likizo, basi jina la Mtangazaji Mkuu likaachwa palepale. Bi Ndoo alipewa karatasi iliyosema anatoa sauti yake kwa kituo. Alitia sahihi. Karatasi ilimaanisha ilichosema.

Alistaafu mwaka jana, akapewa saa ya ukutani. Sauti haikustaafu.

Mkurugenzi mpya alipoingia, aligundua kwamba watoto wa zamani sasa ni wazazi na wanamtaka Jemadari wao. Akafungua idhaa nzima ya kiroboto, alfajiri mpaka usiku, vipindi mia moja na vinne vikizunguka bila kukoma. Jumatatu ile Bi Ndoo aliamka na kukuta sauti imeshaondoka kabla yake. Ilirudi robo saa baadaye, yalipoingia matangazo ya biashara, ikakaa dakika tatu, ikaitwa tena.

Akajifunza kuishi kwa matangazo. Sabuni ya unga ilimtosha kuagiza vitu dukani. Mafuta ya kupikia yalimtosha kusalimiana na jirani, fundi cherehani, mradi asiulizwe habari za watoto. Godoro lilikuwa tangazo refu, akaliwekea akiba mambo mazito. Angezoea, binadamu huzoea hata kiatu kinachobana. Shida ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa kitandani mwaka wa tatu sasa. Macho yalitangulia kumtoka, kumbukumbu zikafuata, yakabaki masikio. Sura za watu hakuwa nazo tena, wala mikono hakuitambua, hata mikono ya binti yake iliyochunwa na dawa ya sakafu. Sauti aliijua. Aliijua tangu ilipolia mara ya kwanza ikitoka tumboni mwake. Mtu asiye na sauti ile hakuweza kumlisha. Mama alifumba midomo kama mlango wa ofisi siku ya Ijumaa mchana.

Kwa hiyo Bi Ndoo alimlisha mama yake kwa matangazo. Uji ulipashwa wakati Jemadari anapigana. Televisheni aliizima; sauti iliporudi kooni alijua sabuni imeanza, na kijiko kilikuwa tayari.

"Mama, ni mimi. Fungua mdomo."

"Umerudi! Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Meza haraka, mama."

Vijiko saba, wakati mwingine tisa. Kisha sauti ilikatika, na mama akageuza uso. "Ameondoka tena," alisema, bila lawama, na midomo ikafungwa.

Alikwenda kituoni. Alipanda ngazi alizozideki miaka ishirini na tisa, akakaa mbele ya karani wa mikataba, akangoja. Mafuta ya kupikia yalipoanza kwenye televisheni ya ukutani, alieleza haja yake. Hakutaka sauti yote. Alitaka nusu saa mara tatu kwa siku, mama ale.

Karani hakushangaa. Alikuwa mtu mpole, na mwenye kusema polepole.

"Mama, si wewe peke yako. Yule mzee tuliyerekodi kicheko chake kwa ajili ya vichekesho vyetu hajacheka tangu siku ile, hata harusini kwa mwanawe. Wala hasumbui watu." Akafungua jalada, akalamba kidole, akageuza kurasa moja moja. "Tatizo, jina lako halimo. Hapa sauti ni ya Mtangazaji Mkuu, na yeye ameshatangulia mbele ya haki."

"Kama ni yake, mbona inatoka kooni kwangu?"

"Swali zuri," alisema karani, akaliandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana. "Sasa, ungependa tufanyeje?"

Bi Ndoo akafungua mdomo. Kwenye ukuta, Jemadari Kiroboto aliruka kutoka kwenye manyoya ya mbwa wake.

Karani alingoja kwa adabu dakika nzima. "Nachukulia umeridhika," alisema, akagonga muhuri.

Akiwa anashuka ngazi, Bi Ndoo alikasirika. Aliinamia ukuta, akanong'ona bila sauti, midomo tu, kama wafanyavyo watu wa kwenye katuni, kwamba ameonewa. Akangoja. Hakuna kilichotua begani.

Ukutani, chini kabisa ya ngazi, palikuwa na bango jipya. Lilisema Jemadari anatimiza miaka thelathini, na kwamba Jumamosi kituo kitawapa watazamaji zawadi: toka alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, kiroboto mfululizo, bila tangazo hata moja.

Ijumaa mama alianza homa. Mganga wa zahanati alikuja, akampima, akamwambia Bi Ndoo pembeni kwamba ale na anywe, na kama kuna la kumwambia amwambie. Lakini kipindi kilikuwa kimekolea, na lilipokuja tangazo la mwisho la siku ile mama alikuwa amelala fofofo. Bi Ndoo aliona vibaya kumwamsha mgonjwa. Akaliweka neno lake mpaka kesho, akiwa amelisahau bango. Kosa hilo hakujisamehe.

Jumamosi asubuhi alipasha uji akangoja sabuni. Sabuni haikuja. Ndipo alipokumbuka. Alipasha uji mara tano. Saa sita fundi cherehani aliingia na sindano bado ikiwa imechomekwa kifuani, akajaribu kuibana sauti yake iwe nyembamba. "Mama, ni mimi, kula."

"Huyo siye," mama alisema. "Msinidanganye, mimi kipofu, si mjinga. Mwanangu yuko wapi?"

Fundi cherehani alimtazama Bi Ndoo. Bi Ndoo akaelekeza kidole kwenye televisheni, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa, na fundi akaiwasha.

Mama akatulia. Mchana wote alisikiliza. Binti yake alimfuta jasho, akamlowesha midomo kwa kitambaa, akamshika mkono.

Saa kumi na moja mama aliuliza, "Nani huyu ananishika?"

"Ni mwanao," alisema fundi cherehani.

"Mwanangu yupo pale anafanya kazi. Huyu mwambieni asogee, ananizuia nisisikie."

Bi Ndoo akaachia mkono, akasogea.

Kwenye televisheni mtu alikuwa ameonewa. Jemadari akaruka milima, akaruka mabahari, akatua. "Nimekuja!" alisema. "Nani amekuonea?"

"Hakuna, mwanangu," mama alijibu. "Hakuna aliyenionea. Maadamu umekuja." Akafa hivyo, uso umeelekea kwenye televisheni, na kiroboto akaendelea kupiga watu.

Fundi cherehani alimfumba macho. Alitaka kuizima televisheni, Bi Ndoo akamzuia. Wakakaa.

Saa kumi na mbili kamili kituo kiliwashukuru watazamaji wote, kikamshukuru marehemu Mtangazaji Mkuu kwa sauti isiyosahaulika, kisha likaja tangazo la godoro. Sauti ikamrudia Bi Ndoo kooni.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Zilibaki dakika mbili na nusu. Hakujua azifanyie nini, akazikalia kimya mpaka zikaisha.