Herufi ya Mwisho kwa Vidosava

Lori lilikuwa limeshatoka uani, mguu wangu mmoja bado unaning'inia nje, nimepakata ndoo ya rangi nyekundu. Kazi yetu bondeni ilikuwa imekwisha. Mwezi mzima nilimfuata Mhandisi Ljubinko, yeye akiandika kwenye ramani, mimi nikipaka herufi juu ya mawe. Shimo linalomeza maji ya mto wataalamu huliita ponor, neno walilolitoa kwetu huku Herzegovina. Penye ponor nilipaka P. Penye P wangekuja watu wa zege kuziba, maji yasipotee kabla hayajafika kwenye mitambo ya umeme.

Mwezi huo wote tulilala kwa Vidosava, mjane mwenye shimo nyuma ya nyumba. La kwake tulilibakiza mwisho, kwa aibu ya ugeni. Nililipaka P asubuhi ile ile ya kuondoka, nikijua anakamua mbuzi.

Kumbe aliona. Tulipokata kona tukamkuta kasimama katikati ya njia, mikono ndani ya aproni. Dereva akafunga breki.

"Shuka, mhandisi," alisema. "Umeniwekea herufi ya msiba."

Ljubinko akashuka, akamweleza kwa upole kwamba shimo linameza, ameliona kwa macho yake.

"Linameza Juni. Novemba ulikuwepo?"

Hakuwepo.

"Basi umemwona mtu anakula, ukaandika kwamba hatapiki."

Dereva aliinamia usukani akicheka. Ljubinko hakuwa mtu wa majivuno, ila alikuwa na haraka. Akasema ofisi yake haipokei maneno matupu, inataka kitu cha kushika.

Vidosava akatoa mkono kwenye aproni. Alikuwa na fungu la samaki wa moshi, wadogo, hawazidi kidole.

"Hawa umewala mezani kwangu mwezi mzima, na bakuli ukalifuta kwa mkate. Mto wetu kila kiangazi unakauka mpaka tunapanda mahindi ndani yake. Ulidhani samaki nawachuma mtini, mwanangu? Wanatoka shimoni mle mle, mvua zikianza. Ukiziba, nitakula nini?"

Mhandisi alimchukua samaki mmoja, akamgeuza geuza. Halafu akaketi juu ya jiwe na kufungua ramani magotini. Nilidhani amekasirika. Akauliza maji hutoka siku ngapi, na kwa nguvu gani. Akajibiwa yote, hata mwaka ule yaliponyanyua mlango wa zizi.

"Hili si ponor," alisema mwishowe. "Lina jina lake. Estavela. Linameza maji ya juu, na ya chini yakizidi, linayatoa."

Vidosava alilirudia neno polepole, kama anayeonja chumvi kwenye supu ya jirani.

"Na estavela mnaziba?"

"Hatuzibi. Maji yatapasua kwingine."

"Basi andika hiyo."

Nikarudi na ndoo yangu. Rangi ilikuwa bado mbichi. P niliifuta kwa tambara lililoloweshwa rakia, pombe kali ya matunda, Vidosava akinisimamia na kulalamikia rakia yake. Nikapaka E kubwa kuliko zote.

Kwa miaka kadhaa nilipopita pale niliwasikia wanakijiji wakilitumia neno lile kana kwamba walizaliwa nalo. Jirani aliyeazima unga akarudisha alikuwa estavela. Asiyerudisha, ponor.

Zege halikumwagwa kwa Vidosava. Lakini bwawa lilijengwa juu, mto ukageuzwa, na mafuriko ya Novemba yakakoma. Samaki walitoka misimu miwili, hawakutoka tena. Vidosava alihamia Trebinje kwa bintiye, akafa mwaka wa sabini na moja. Ljubinko alistaafu Sarajevo na kufia huko. Dereva alikwenda Ujerumani. Mimi nilipaka meli Rijeka, kisha mabehewa, kisha makanisa. Nyumba ya Vidosava haina paa siku hizi. E ipo, imefifia upande wa jua.